Ugharimiaji wa Uhuishaji wa Kitovu cha Kihistoria cha Tabora: Tembe la Kwihara kati ya Fedha za Mradi na Fedha za Msimu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna uhuishaji wa kitovu cha kihistoria cha Tabora, pamoja na tembe la Kwihara, unavyoweza kugharimiwa. Mjadala kuhusu suala hili mara nyingi huelekezwa kwenye kiasi cha fedha kinachohitajika. Makala yanadai kwamba tatizo la msingi liko kwenye aina ya fedha na wakati zinapofika. Majengo ya udongo huhitaji fedha kidogo kila mwaka kabla ya mvua, ilhali vyanzo vingi vilivyopo hutoa fedha nyingi kwa mara moja na kisha hukatika. Hoja hii inajengwa kwa kuchambua sheria, mfumo wa mapato ya serikali za mitaa na historia ya njia ya kati ya misafara, na kwa kulinganisha na Mji Mkongwe wa Zanzibar, Kilwa Kisiwani na Djenné. Makala yanapendekeza mfuko wa kudumu unaofuata mantiki ya wakfu, taasisi ambayo jamii ya Waswahili imekuwa nayo kwa karne nyingi.

1.0 Utangulizi

Mwezi Februari mwaka 1872, David Livingstone na Henry Morton Stanley waliwasili Kwihara wakitokea Ujiji, wakakaa pamoja katika tembe moja lililokuwa mali ya wafanyabiashara Waarabu. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka kuelekea pwani. Livingstone alibaki hadi Agosti, akisubiri wapagazi ambao Stanley angemtumia. Kwa zaidi ya miezi mitano safari yake ilisimama, kwa kuwa mahitaji yake yalikuwa mikononi mwa watu waliokuwa mbali. Wapagazi walipofika, msafara uliendelea kusini, na baadhi ya watu hao ndio walioubeba mwili wake baada ya kifo chake mwaka 1873, wakapita tena Unyanyembe na kufika Bagamoyo mwezi Februari 1874.

Leo tembe hilo, lililoko kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, ni makumbusho. Mtu anayetafakari mustakabali wake, na mustakabali wa mji wa zamani uliolizunguka, hujikuta akiuliza swali linalofanana na lile la mwaka 1872: msaada utatoka wapi na utafika lini? Makala haya yanapendekeza swali hilo ligawanywe katika maswali matatu. Kwanza, ni gharama za aina gani zinazohitajika? Pili, kila chanzo cha fedha kina tabia gani? Tatu, ni chanzo kipi kinachooana na gharama ipi? Kutogawanya maswali haya ndiko kunakofanya jengo likarabatiwe vizuri leo na kuanza kubomoka tena baada ya misimu michache.

2.0 Kinachokusudiwa Kuhuishwa

Kabla ya kujadili fedha, ni muhimu kubainisha kitu kinachogharimiwa. Kitovu cha kihistoria cha Tabora hakifanani na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako majengo ya mawe yamesongamana katika eneo dogo. Tabora ilikua kama mtandao wa makazi. Makao ya watemi wa Unyanyembe yalikuwa Itetemia na maeneo jirani. Waarabu na Waswahili walijenga matembe yao Kazeh na Kwihara, kila tembe likiwa na shamba na watu wake. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 waliikuta jamii hiyo ya wafanyabiashara ikiwa imekwisha kuweka mizizi. Baadaye Wajerumani waliongeza boma, na reli ya kati ilipofika mwaka 1912 mji ulivutwa kuelekea stesheni. Maduka ya wafanyabiashara wenye asili ya India, shule, makanisa na misikiti yakafuata. Mwezi Januari 1958 mji huu ndio uliokuwa mwenyeji wa mkutano wa TANU ulioamua chama hicho kishiriki uchaguzi wa kura tatu, uamuzi uliobadili mwelekeo wa harakati za uhuru.

Hivyo basi, uhuishaji wa Tabora unahusu tabaka nne za urithi: utemi wa Kinyamwezi, biashara ya misafara, mji wa reli wa enzi ya ukoloni, na mji wa harakati za uhuru. Njia zilizounganisha maeneo haya zilipandwa miembe, na miembe hiyo ni sehemu ya urithi kama zilivyo kuta. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kuwamo katika orodha ya awali kunaipa Kwihara utambulisho, lakini hakuleti bajeti.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba Unyanyembe ilikuwa na mfumo wake wa mapato. Misafara iliyopita katika nchi za watemi ililipa hongo, yaani ushuru wa njia. Katika Kiswahili cha leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa, lakini wakati huo lilikuwa tozo halali iliyogharimu usalama wa njia, maji na chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1850, mtemi Mnywa Sele, anayeitwa Manua Sera katika maandishi ya wasafiri, alijaribu kutoza bidhaa zote zilizoingia nchini mwake. Waarabu walipinga, vita ikazuka, na mwaka 1860 Mkasiwa akawekwa mahali pake. Tukio hilo linaonesha kwamba tozo juu ya biashara ya mji huu ina historia ndefu. Linaonesha pia kwamba tozo isiyokubaliwa na walipaji inaweza kuigharimu mamlaka kuliko mapato yake.

3.0 Gharama za Jengo la Udongo

Tembe ni jengo lenye kuta nene za udongo, vyumba vilivyopangwa kuzunguka ua, na paa la bapa. Paa hilo hujengwa kwa boriti, fito na nyasi, kisha hufunikwa kwa udongo ulioshindiliwa. Ujenzi huu unaifaa hali ya hewa ya Unyamwezi kwa kuwa udongo mnene huzuia joto la mchana. Hata hivyo, una maadui watatu. Wa kwanza ni maji yanayotuama juu ya paa; ufa mdogo katika udongo wa juu huyaruhusu kufikia fito na boriti. Wa pili ni matone yanayoruka kutoka ardhini na kuula ukuta sehemu ya chini, hadi ukuta unakuwa mwembamba miguuni na mzito kichwani. Wa tatu ni mchwa.

Maadui hawa wote hudhibitiwa kwa kazi ndogo. Paa husiliwa upya kwa udongo, mifereji husafishwa, sehemu ya chini ya ukuta hukandikwa, na boriti iliyoliwa hubadilishwa. Kazi hizi hazihitaji mashine. Zinachohitaji ni fundi anayeujua udongo wa mahali hapo, pamoja na wakati sahihi. Mvua za Tabora huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kazi ya paa isiyokamilika kufikia mwisho wa Oktoba ni sawa na kazi ambayo haikufanyika, kwa sababu udongo mbichi hauwezi kustahimili mvua ya kwanza.

Hapa ndipo kalenda ya udongo inapogongana na kalenda ya hazina. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Baada ya hapo hufuata mgawo wa fedha, taratibu za ununuzi na mikataba. Kwa barabara, kuchelewa kwa miezi minne ni kero. Kwa tembe, kuchelewa huko kunamaanisha msimu mzima wa mvua kupita juu ya paa lililo wazi. Gharama ya mwaka unaofuata haitakuwa mara mbili ya ile iliyokosekana, bali inaweza kuwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa kilichokuwa usiliaji wa paa kimegeuka kuwa ubadilishaji wa boriti, na pengine ujenzi mpya wa ukuta. Kwa sababu hiyo makala haya yanatofautisha fedha za mradi, ambazo ni nyingi, za mara moja na zenye tarehe ya mwisho, na fedha za msimu, ambazo ni kidogo, za kila mwaka na zenye tarehe ya mwanzo isiyoweza kuahirishwa.

4.0 Vyanzo Vilivyopo na Tabia Zake

4.1 Bajeti ya Serikali na ulinzi wa kisheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886 na pia milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Majengo mengine yanaweza kulindwa kwa tamko la Waziri. Maana yake kwa Tabora ni kwamba matembe ya kwanza ya misafara yanalindwa moja kwa moja, ilhali mji wa reli, maduka ya Wahindi na kumbi za harakati za uhuru vinategemea tamko. Mlango wa nyumba unaweza kuwa na ulinzi kuliko nyumba yenyewe.

Ulinzi wa kisheria huzuia kubomoa, lakini haumpi mwenye nyumba fedha za kukarabati. Kwa mmiliki wa kawaida, ulinzi usioambatana na msaada huwa ni gharama: hawezi kujenga ghorofa na hawezi kumudu matunzo. Njia anayoiona rahisi ni kuiacha nyumba ianguke yenyewe. Uhuishaji wowote utakaopanua orodha ya majengo yanayolindwa bila kupanua mkoba wa matunzo utaongeza kasi ya maangamizi hayo ya kimya.

4.2 Mapato ya halmashauri

Katika nchi nyingi, mji hugharimia uhuishaji wa kitovu chake kwa kutegemea ongezeko la kodi ya majengo: mtaa ukitengenezwa, thamani ya majengo hupanda, kodi huongezeka, na ongezeko hilo hulipia kazi iliyofanyika. Kwa Tanzania Bara mantiki hii haifanyi kazi kwa sasa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU kwa viwango vya jumla. Kwa mabadiliko ya mwaka 2023, nyumba ya kawaida ilipangiwa Sh 18,000 kwa mwaka badala ya Sh 12,000 za awali. Nyumba 1,000 za aina hiyo huzalisha Sh 18,000,000 kwa mwaka, ziwe katika mtaa uliohuishwa au uliotelekezwa. Mfumo huu ni rahisi kukusanya, lakini umekata uhusiano kati ya thamani ya mtaa na mapato yake. Halmashauri inayotengeneza kitovu cha kihistoria haioni matunda yake katika kodi hii.

Ushuru wa mazao nao hausaidii sana. Tabora ni mkoa wa tumbaku na ushuru huo ni nguzo ya halmashauri nyingi za mkoa, lakini tumbaku hulimwa zaidi Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Manispaa hubaki na ushuru wa huduma, leseni, masoko na maegesho, vyanzo vinavyokabiliwa na mahitaji ya shule, zahanati na taka. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haiwezi kukarabati jengo la umma. Inaweza, hata hivyo, kukuza kikundi cha mafundi wa udongo au wachongaji wa milango, endapo kutakuwa na kazi ya uhakika ya kila mwaka itakayowawezesha kurejesha mkopo.

4.3 Mikopo ya miundombinu na hatifungani

Mradi wa TACTIC, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unahusu miji 45 ya Tanzania, na Tabora ni miongoni mwake. Fedha hizi hujenga barabara, mifereji na masoko. Si fedha za malikale, lakini zinaigusa malikale kwa njia mbili. Kwanza, mfereji unaoelekeza maji mbali na kuta za zamani ni kazi ya uhifadhi, hata kama hauitwi hivyo. Pili, masharti ya mazingira na jamii ya Benki ya Dunia yana kiwango mahsusi kuhusu urithi wa utamaduni, kinachoitaka serikali inayokopa kubaini na kuepusha madhara. Manispaa yenye orodha kamili ya majengo na miembe yake inaweza kuyatumia masharti hayo kudai njia ya barabara ibadilishwe. Isiyo na orodha haina cha kudai.

Kuhusu hatifungani, mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga iliuza hatifungani ya kijani yenye lengo la kukusanya Sh 53.12 bilioni. Tukio hilo limewafanya wengi wauliize kama miji ya kihistoria nayo inaweza kufuata njia hiyo. Jibu linategemea chanzo cha marejesho. Mteja wa maji hulipa ankara kila mwezi, na ankara hizo ndizo zinazomlipa mwekezaji. Makumbusho ya Kwihara hayana mteja wa namna hiyo. Hatifungani inaweza kufaa kwa soko au stendi ndani ya mji wa zamani, ambako kuna kodi ya vibanda. Kuitumia kwa paa la tembe ni kulibebesha paa deni lisiloweza kulipika.

4.4 Wafadhili wa nje

Ufadhili wa balozi, mashirika ya kimataifa na taasisi za hisani ndio unaotajwa zaidi. Tabia yake inajulikana: hugharimia kazi inayoonekana, ndani ya muda uliopangwa, na huhitimishwa kwa ripoti. Mishahara ya walinzi na udongo wa paa wa mwaka wa saba havimo. Aidha, mfadhili huchagua hadithi anayoifahamu. Kwihara inajulikana nje kwa jina la Livingstone, mgeni aliyekaa pale kwa miezi michache. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao kazi yao ya ujira ndiyo iliyoibeba biashara yote ya njia ya kati, hawana kituo kinachobeba jina lao. Watumwa waliopitishwa njia hiyo wana kumbukumbu ndogo zaidi. Mji unaotegemea mfadhili mmoja hukarabati sehemu ya historia yake na kuziacha nyingine.

5.0 Mafunzo kutoka Kwingineko

Mji Mkongwe wa Zanzibar unatoa somo la kwanza. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Vyanzo vyake vya fedha ni vingi kuliko vya Tabora: watalii, hoteli, mashirika na serikali za nje. Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ilikarabati Zahanati ya Zamani miaka ya 1990 na bustani ya Forodhani mwaka 2009. Pamoja na hayo yote, Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa limefungwa kwa miaka kadhaa kutokana na ubovu, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati likikarabatiwa kwa ufadhili wa Oman. Watu wawili walipoteza maisha. Fedha kubwa zilikuwa zimepatikana, lakini zilifika wakati jengo limekwisha kudhoofika kwa miaka mingi ya matunzo yasiyotosha. Somo ni zito: fedha za mradi haziwezi kufidia fedha za msimu zilizokosekana, na anayelipa tofauti hiyo anaweza kuwa fundi aliye juu ya jukwaa.

Kilwa Kisiwani inatoa somo la pili. Magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi za uhifadhi zilizofadhiliwa na wadau mbalimbali. Baadaye usimamizi wake ulikabidhiwa kwa TAWA, taasisi yenye mapato na watumishi wa kudumu. Hatua hiyo inaonesha kwamba Serikali yenyewe imetambua hoja ya msingi ya makala haya: kituo cha malikale hudumu kinapoegemezwa kwenye taasisi yenye mapato ya kila mwaka. Hata hivyo, taasisi za wanyamapori hukusanya mapato katika mbuga na vitalu. Mji wenye wakazi, maduka na misikiti ni kitu cha aina nyingine.

Somo la tatu linatoka Djenné, nchini Mali. Msikiti mkuu wa udongo wa mji huo, uliojengwa upya mwaka 1907, hukandikwa kila mwaka na wakazi wenyewe chini ya uongozi wa chama cha waashi. Siku hiyo ni ya kazi na pia ni sikukuu. Djenné imepata misaada ya nje na imepitia matatizo makubwa ya usalama, lakini ukandikaji wa mwaka haukuanzishwa na mradi wala haukomi mradi unapokwisha. Unyamwezini kazi za ujima, zinazoambatana na ngoma na chakula, ni desturi inayofahamika. Kwa hiyo wazo la siku ya paa, kabla ya mvua, si geni kwa Tabora. Linahitaji tu mtu wa kununua udongo, boriti na chakula, na kumlipa fundi mkuu.

6.0 Wakfu kama Kielelezo cha Fedha za Msimu

Jamii ya Waswahili ina taasisi ya zamani iliyobuniwa kwa tatizo la namna hii. Mtu aliyetaka msikiti, kisima au madrasa idumu baada ya kifo chake hakuacha fedha taslimu. Aliweka nyumba au shamba kuwa wakfu. Mali hiyo haikuuzwa wala kurithiwa. Kodi yake ndiyo iliyolipa mafuta ya taa, mikeka na ukarabati, mwaka hadi mwaka. Huko Zanzibar Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inaendelea kusimamia majengo mengi ya aina hiyo. Mantiki ya wakfu ni kinyume cha mantiki ya mradi: mtaji hauguswi, zao lake ndilo linalotumika.

Mantiki hii haihitaji kufungwa na dini moja. Mji wa Tabora una Waislamu, Wakristo na wafuasi wa mila, na mfuko wa umma unaweza kuundwa chini ya sheria ya usajili wa wadhamini kwa kanuni zilezile. Tuchukue mfano wenye tarakimu za kubuni, kwa ajili ya ufafanuzi tu. Mfuko wa Sh 200 milioni uliowekezwa kwa faida ya asilimia 12 huzaa Sh 24 milioni kwa mwaka. Endapo bei hupanda kwa asilimia 5, Sh 10 milioni lazima zirudishwe ili mtaji usipungue thamani. Zinazobaki, Sh 14 milioni, ndizo fedha za msimu: usiliaji wa paa, dawa ya mchwa, mifereji, na ujira wa fundi mkuu na wanagenzi wake. Fedha hizo hupatikana mwezi Julai, kabla ya mvua, bila kusubiri mgawo. Kwa wachangiaji wasiokubali riba, mtaji unaweza kuwekwa katika maduka ya kupangisha au katika sukuk.

Mtaji wenyewe utatoka wapi? Hapa ndipo fedha za mradi zinapopata nafasi yake sahihi. Kila mfadhili anayetoa fedha za ukarabati aombwe kuweka sehemu yake katika mtaji wa mfuko, kama sharti la kupokea mradi. Jengo moja la umma katikati ya mji, likikarabatiwa na kupangishwa, linaweza kuwekwa kama mali ya mfuko na kodi yake ikalitunza tembe. Hoteli ya enzi ya Wajerumani iliyo karibu na stesheni ya Tabora inathibitisha kwamba jengo la zamani lenye matumizi linaweza kujilipia. Ujenzi wa reli ya kisasa kupitia Tabora unaongeza matumaini ya wageni wanaolala mjini, na tozo ndogo ya kitanda, ikikubaliwa na wenye nyumba za wageni na kutengwa kwa ajili ya mfuko, itakuwa hongo kwa maana yake ya kale: malipo ya mpitaji kwa mji unaompokea.

7.0 Masharti ya Ufanisi

Pendekezo hili lina masharti manne. Kwanza, fedha za mfuko zitengwe kisheria ili zisichukuliwe kufidia upungufu mwingine wa halmashauri. Pili, taratibu za ununuzi ziwatambue mafundi wa udongo. Utaratibu wa fosi akaunti, unaoiruhusu taasisi ya umma kutumia mafundi na vifaa vyake, unafaa zaidi kwa tembe kuliko zabuni ya mkandarasi ambaye atatumia saruji. Saruji huzuia ukuta wa udongo kupumua na kuuozesha kwa ndani.

Tatu, wamiliki binafsi wanufaike. Mji Mkongwe wa Zanzibar umeonesha jinsi nyumba za wakazi zinavyoweza kugeuka hoteli, na wakazi wa zamani kuhamia pembezoni. Mfuko wa Tabora utoe ruzuku ndogo ya paa na mlango kwa familia inayoendelea kuishi katika nyumba yake, kwa makubaliano kwamba haitabomoa. Nne, bodi ya wadhamini iwe na sauti za tabaka zote za historia: uzao wa watemi, familia za wafanyabiashara, wazee wa mitaa, walimu na mafundi. Historia ya utumwa ni chungu, na katika mji mdogo wazao wa waliouza na wa waliouzwa ni majirani. Uamuzi wa jengo lipi litengenezwe kwanza ni uamuzi kuhusu kumbukumbu ya nani itangulie, na haufai kuachiwa mfadhili wala ofisi moja.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ugharimiaji wa uhuishaji wa Tabora na Kwihara unakwama kwa sababu ya kutooana kwa fedha na gharama. Ulinzi wa sheria hauleti fedha, kodi ya majengo haifuati thamani, hatifungani zinahitaji wateja, na ufadhili wa nje huondoka mapema. Kila chanzo kina kazi yake: mikopo ya miundombinu ijenge mifereji, ruzuku zifanye ukarabati mkubwa na kuchangia mtaji, mikopo ya vikundi iwakuze mafundi, na mfuko wenye mantiki ya wakfu ubebe matunzo ya kila mwaka.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Ni kuandaa orodha ya majengo, milango na miembe, ikionesha kwa kila kimoja mmiliki, hali ya paa na gharama ya matunzo ya msimu mmoja. Orodha hiyo ndiyo itakayoonesha ukubwa wa mtaji unaohitajika. Mwaka 1872 mgeni wa Kwihara hakuwa na la kufanya ila kusubiri msafara kutoka pwani. Wenyeji wa tembe hilo leo wanaweza kuanza kuhesabu boriti zao kabla ya mvua za Novemba.